Mkono wa Babu, Shingo ya Baba

Watu wa Waialua, mji mdogo wa Hawaii, walimjua Joyce Kaneshiro kwa mambo mawili, mapishi yake na hasira zake. Waliomsema kwa hasira hawakuwahi kukaa nyumba moja na mumewe Mareko na baba yake mzee Seikichi hata wiki moja. Wangekaa, wangemletea zawadi.

Alizaliwa kambi ya mashamba ya miwa, enzi kiwanda cha sukari bado kinafuka moshi. Baba yake alikuwa fundi wa mitambo siku za kazi na mrusha mpira wa besiboli kila Jumapili, na hadithi za Jumapili hizo Joyce alilishwa pamoja na wali tangu anaota meno. Alipokua akapata kazi ya kupika katika jiko la shule, na humo humo akakutana na Mareko Taulaga, Msamoa wa mabega mapana aliyekuja kushusha magunia. Mareko aliwahi kucheza futiboli. Si ile ya kupiga mpira kwa mguu. Hii ni ile ya kuvaa kofia ngumu, kukumbatia mpira wenye umbo la yai na kuangushana mpaka mifupa ilie. Goti lake lilimkatisha mapema, naye hakulisamehe.

Mama yake Joyce alipofariki, mzee Seikichi akahamia chumba cha nyuma. Tangu siku hiyo Joyce akawa na fahali wawili katika zizi moja, na kazi ya kuwalisha wote.

Mtoto wao Ioane alipotimiza mwaka mmoja, walifanya ile sherehe ya Kiokinawa, ya kwao Joyce, ya kumwekea mtoto vitu mbele yake ili achague, watu wapate kujua atakuwa nani ukubwani. Huwekwa mchele, kalamu, pesa, vitu vya heshima. Mzee Seikichi akatoa kalamu akaweka mpira wa besiboli. Mareko kuona hivyo akakimbia hadi kwenye lori lake, akarudi na mpira wa futiboli mkubwa kuliko mtoto mwenyewe. Ioane alitambaa katikati ya mipira yote miwili akaenda kung'ang'ania kandambili ya mama yake. Wageni wakacheka sana. Wale wanaume wawili wakasema hiyo haihesabiki, arudishwe aanze upya. Joyce akamnyanyua mtoto wake akawaambia wataanza upya wao, kwa kuzaa wa kwao.

Lakini walianza upya kila siku. Mzee alijimilikisha mkono wa kulia. Mtoto asibebe ndoo kwa mkono ule, asibebe begi la shule, asilalie upande ule. Likizuka tu jambo la kunyanyua kitu, utasikia sauti toka chumba cha nyuma, "Kushoto! Tumia kushoto!" Mareko naye akachukua shingo na miguu. Akamjaza magimbi na nyama, akamkimbiza mchangani, akawa anamfungia kamba kichwani yenye uzito ili shingo inenepe. Joyce akabaki na nguo chafu za michezo miwili. Kila alipozianika alitukana, na majirani walikuwa wakijua msimu wa mchezo gani umefika kwa kusikiliza nani anatukanwa.

Mtoto akawa mtu mzima, na balaa lenyewe ni kwamba alikuwa hodari kweli kote kuwili. Alipomaliza chuo pale Honolulu, timu mbili za bara, Marekani kwenyewe, zikamwita kwa malipo, moja ya futiboli, moja ya besiboli. Zote zikataka jibu Jumatatu. Mtu angedhani hapo ndipo familia ingekaa chini na kumsikiliza kijana. Thubutu! Jumamosi ilifanyika karamu uani, na juu ya turubai moja yakatundikwa mabango mawili. Bango la upande wa mlimani lilimpongeza mchezaji mpya wa futiboli. La upande wa baharini lilimpongeza mrusha mpira wa besiboli. Mareko alishawaambia ukoo wake wote, na mchungaji akaja na maombi yake tayari. Mzee alishawaambia wenzake wa kambini, wakaja na andagi, maandazi yao ya duara, beseni zima. Ioane mwenyewe alikaa katikati, shingoni amevikwa mashada ya maua mpaka masikio hayaonekani, akatabasamu kila alipoambiwa atabasamu.

"Mwanangu wa futiboli!" anti wa Mareko alimbusu shavu la kushoto.

"Besiboli, mama," mzee mmoja alisahihisha akimbusu la kulia. "Wenye akili wanacheza besiboli."

"Wenye akili? Mtu anasimama uwanjani masaa matatu anajikuna, hiyo ndiyo akili?"

"Angalau akirudi nyumbani anajua ni nyumba ya nani."

Hapo watu wakainamia sahani zao, maana jambo lile lilikuwa limekaa pale pale kwenye kiti. Anko Sefo, kaka yake Mareko, alicheza futiboli ya malipo bara hadi mapigo ya kichwani yakamvuruga akili, na siku hizi Ioane ndiye anayemfunga kamba za viatu. Sefo aliinua kichwa kwenye sahani yake akauliza kwa upole, "Mechi imeanza?"

"Bado, Anko," Ioane alimjibu.

"Basi nitajisaidia kwanza."

Ioane akamshika mkono kwa mkono wake wa kushoto amwinue. Wakati ule ule Joyce akatokea mlangoni na sufuria kubwa ya wali, amechoka, jasho linamtiririka, na meza yote imejaa. "Ioane, nipokee hii, inaniunguza!"

"Kushoto!" mzee Seikichi akapaza sauti kwa mazoea.

Kushoto kulikuwa na Anko Sefo. Ioane alinyoosha mkono wa kulia akaipokea sufuria, na mkono ukamwachia kama uzi uliokatwa. Sufuria ikaanguka, wali ukamwagika majanini, na kijana mwenye nguvu za kumwangusha dume la mtu akainama ameshika kiwiko, uso umebadilika rangi.

Watu wakadhani kaungua. Joyce hakudhani hivyo. Amepika na watu nusu ya maisha yake, anajua uso wa aliyeungua na uso wa aliyekuwa anaficha maumivu siku nyingi. Akavuta ule mkono akaubonyeza. Kiwiko kilikuwa kimevimba kwa ndani, cha moto.

"Tangu lini?" akauliza.

Ioane alimwangalia babu yake kwa jicho la haraka tu, na Joyce akaliona.

"Baba. Tangu lini?"

"Ni kano," mzee akasema. "Imechanika kidogo. Daktari anashona, akipumzika mwaka anarudi. Wengi wameshonwa wakarudi."

"Nimeuliza tangu lini!"

"Tangu Februari."

Miezi yote ile! Joyce alikuwa hajui, na angejuaje? Katika nyumba ambayo mtoto hajawahi kuruhusiwa kunyanyua kitu kwa mkono wa kulia, nani angetambua siku ambayo mkono wenyewe umeshindwa? Mzee alikuwa akimkanda kwa dawa chumba cha nyuma, mlango umefungwa, akimwambia usimwambie mama yako. Joyce akahisi damu inampanda kichwani, akafungua kinywa amtolee baba yake yote aliyoyaweka tangu utoto. Lakini Mareko akamwahi.

Mareko alicheka. Alicheka kwa kushukuru, kama mtu aliyetuliwa mzigo, akapiga mikono pamoja. "Basi Mungu kajibu! Si ndiyo jibu hilo? Futiboli haihitaji kiwiko!"

Na ukoo wake ukapiga makofi. Mchungaji mwenyewe akapiga makofi mawili kabla hajamwangalia Joyce usoni.

"Mnapiga makofi?" Joyce akasema. Sauti yake ilianza chini. "Mtoto kaumia, na ninyi mnapiga makofi?"

"Mke wangu, sikumaanisha..."

"Umemaanisha! Baba yangu kauficha mkono kwa sababu ni mkono wake. Wewe unafurahi umekatika kwa sababu si wako. Nimezaa mtu mimi, au nimezaa nguruwe wa karamu, kila mmoja achague paja lake? Tokeni! Tokeni wote! Mabango yenu, mashada yenu, maombi yenu, chukueni!"

Wageni wakasimama. Kwa kuwa ni watu wa adabu, mikono yao ikaenda yenyewe kwenye karatasi za foili, maana katika visiwa vile hakuna anayeondoka kwenye karamu bila kufungiwa sahani ya kwenda nayo. Hata ukigombana na mtu, sahani yake unamfungia. Joyce akasimama mbele ya meza na upawa mkononi.

"Hakuna sahani."

Watu wakatazamana. Ingekuwa nafuu angewatukania mama zao.

"Joyce," anti wa Mareko akanong'ona, "hata ya mchungaji?"

"Hata ya mchungaji."

Waliondoka mikono mitupu, malori yakarudi nyuma barabarani moja moja, na nguruwe akabaki mezani mzima upande mmoja. Mareko akampeleka kaka yake nyumbani, hakurudi haraka. Mzee akajifungia. Jua lilikuwa bado halijazama, Joyce akaingia jikoni akamkuta Ioane anasugua ile sufuria kwa mkono wa kushoto.

Alimtazama. Alijiona yeye ndiye pekee mwenye haki katika nyumba ile, na haki ile ilimpa joto kifuani. Akavuta kiti.

"Sasa niambie. Wewe unataka nini?"

Ioane aliacha kusugua. "Unaniuliza leo?"

"Leo kuna ubaya gani?"

"Mama, Baba anajua unene wa shingo yangu. Babu anajua mpira wangu unakwenda kwa kasi gani. Wewe umenifulia, umenilisha, umewatukana hao wote kwa ajili yangu tangu niko mdogo. Nilikuwa nakusikiliza kwenye kamba ya nguo, nasubiri umalize kutukana uje uniulize. Hukuja."

Joyce alitaka kusema alikuwa na kazi, alikuwa amechoka, hao wanaume wasingemwachia nafasi. Yote yalikuwa kweli na hakuna hata moja lililofaa.

"Nakuuliza sasa," akasema.

"Futiboli."

"Hapana!"

Lilimtoka kabla hajalijua. Ioane akamwangalia bila kushangaa.

"Umeona? Mnavuta watatu, Mama. Si wawili."

"Usinifananishe nao! Umemwona Anko wako? Anaweka funguo za gari kwenye friji! Anamwita mkewe kwa jina la mama yake!"

"Kamba zake nazifunga mimi. Unadhani sijui? Najua kuliko Baba anavyojua, Baba akikaa naye anaangalia pembeni." Alifuta mkono wake kwenye fulana. "Nikisimama kurusha mpira, namsikia Babu kichwani anahesabu. Nikimkumba mtu uwanjani, simsikii mtu. Si Babu, si Baba. Ni mimi tu humu ndani. Sina mahali pengine ninapokuwa hivyo."

"Na kichwa kikiharibika?"

"Ni kichwa changu."

"Nimekizaa mimi!"

"Ndiyo," Ioane akasema, na sasa naye alikuwa amekasirika, kwa hasira ile ile ya mama yake, taya imekaza. "Babu ana mkono, Baba ana shingo, na wewe sasa unachukua kichwa. Mimi nibaki na nini? Kandambili?"

Joyce akautupa upawa kwenye sinki ukalia kama kengele. Akatoka nje akakaa kwenye ngazi hadi giza likaingia, akiichukia futiboli kwa moyo wote, akiwachukia waliomfundisha mwanawe kuipenda. Lililomuuma zaidi ni kwamba alitafuta mtu wa kumtupia lawama hii ya mwisho, akawapitia mmoja mmoja, na kila mara ikamrudia mwenyewe.

Jumapili hakumsemesha mtu. Walikula nguruwe wa jana wakiwa wanne mezani, na kijiko kikigonga sahani kila mtu alishtuka.

Jumatatu asubuhi Ioane alikaa sebuleni na simu. Kwanza akawapigia watu wa besiboli, akawaambia ukweli wote wa kiwiko, akawashukuru. Mzee Seikichi alisikiliza amesimama, kisha akarudi chumbani taratibu akafunga mlango, na hakuna aliyemfuata. Simu ya pili, Mareko alianza kuinuka kitini, uso umeshachanua.

"Baba, ukishangilia nakata."

Mareko akakaa. Ioane akaongea maneno machache, akasema ndiyo, akasema ndiyo tena, akaiweka simu chini.

Joyce alikuwa mlangoni, amevaa sare ya jiko la shule, mikono kifuani. "Ndege saa ngapi?"

"Kesho, saa nne."

"Nitatoa lori," Mareko akasema akitafuta funguo, "nitampeleka mwenyewe, nime..."

"Kaa chini. Nampeleka mimi." Akamgeukia mwanawe, macho bado mekundu. "Na njiani usiniongeleshe. Nimekukasirikia."

"Sawa, Mama."

"Hii haitaisha kesho."

"Najua."

"Sasa lete hilo begi nilifue, linanuka," akasema. Ioane akanyoosha mkono wa kushoto kulibeba, naye Joyce akamnyang'anya akalibeba mwenyewe.