Shavu Lililovimba Mara Tatu

Shavu langu la kushoto lilipovimba mara ya kwanza, kijijini kwetu Nyakakika walisema ni matubwitubwi, na bibi akanipaka masizi ya chungu. Mara ya pili walinyamaza. Mara ya tatu lilikuwa kubwa hivi kwamba nikipita shambani migomba ilinipisha, na mate yakinitoka kwa kuona tu chakula, maumivu yalinipiga hadi sikioni. Nami wiki ileile nilitakiwa Nkwenda, kwa wakwe, kukamilisha posa.

Nilikwenda na baba yangu mdogo.

Baba wa binti, mnunuzi wa kahawa aliyehamia kutoka Muleba, aliitikia shikamoo yangu huku akilitazama shavu. Desturi ni kibuyu kimoja cha rubisi, pombe ya ndizi, na mrija mmoja, wakwe na waposaji wakipokezana. Mrija ulipofika kwangu, shangazi wa binti aliupitisha mbele ya pua yangu na kunipa kikombe cha bati. Kila mtu aliona.

"Matubwitubwi humpata mtu mara moja, kijana," baba wa binti akasema. "Hayo yako mbona yanarudi kama mgeni aliyesahau mwavuli?"

Miaka ile ya Ukimwi kila nyumba ilikuwa imezika. Nilielewa ananiweka kundi gani.

Nikaapa nitamletea karatasi ya vipimo. Hospitalini daktari alichoma uvimbe kwa sindano, akavuta usaha, akapima na damu. Damu ilikuwa safi. Usaha ulikuwa na kifua kikuu, kimehama kifuani kikajenga kwenye tezi ya mate. Akasema ni nadra sana. Nilijiona kama waziri. Halafu zikaja sindano za kila siku, miezi miwili, hata kanisani nilikalia tako moja, na vidonge vya kujaza debe.

Shavu liliposinyaa tulirudi Nkwenda. Mimi, mhitimu wa masomo ya usiku, nikamsomea mzee karatasi yote, pamoja na mhuri.

"Unasoma vizuri," akasema. "Mume wa binti yangu mkubwa naye alikuja na karatasi ya kifua kikuu. Tumemzika. Sina binti wa pili wa kufanya mjane."

Akaagiza lirudishwe jembe la posa, lile tulilolitanguliza kabla sijaugua. Binti alilileta mwenyewe, akapiga magoti, akalilaza miguuni pa baba mdogo. Shavu langu hakulitazama. Hakunitazama popote.