Upinde wa Baba Haukuwa na Shida

Leo nimeharibu upinde wa marehemu baba nikidhani ninautengeneza.

Hapa Matungu miwa imefika mlangoni, hakuna cha kuwinda. Nilitaka tu urushe sawa.

Wiki nzima mshale unaenda kando. Nikabadilisha kamba, nikabandika manyoya mapya ya kuku. Wapi!

Asubuhi nikachukua kisu, nikachonga upinde wenyewe upande mmoja. Mshale ukanyooka, ukapiga katikati ya gunia nililokuwa nikililenga! Nikaita Mama kwa kelele.

Akaangalia mikono yangu.

"Kwani unavutanga na mkono wa kulia?"

"Ndiyo, Mama."

"Baba yako alikuwa mtu wa mashoto. Huo alijichongea mwenyewe."

Jamani, alituacha nikiwa mchanga. Ningejuaje?

Mama hakunigombeza. Aliinama, akaokota vipande vyote nilivyochonga, akavifunga kwenye leso.

Nyinyi mngemwambia nini?