Kinda la Mwisho la Bi Verlene

Kitu cha kwanza nilichokiona kwa Bi Verlene Stalvey ni kamba za viatu vyake. Alikuwa ameketi juu ya sanduku la vifaa ndani ya banda la ndege, hapa kwetu Lakeland, Florida, kidevu kikiwa kifuani na kamba zote mbili zimefunguliwa, zikilala sakafuni. Nyuma yake mafundi walikuwa wakiosha injini kuondoa chumvi ya bahari, na mlio wa pampu ulikuwa wa kuziba masikio. Yeye alikuwa usingizini.

Ilikuwa wiki yangu ya kwanza kazini, kazi ya kukaa ndani ya ndege na kupokea habari za hewa kwenye skrini. Niliinama nimfunge kamba, nikihofia kwamba ataamka na kujikwaa.

"Mwache huyo," alisema Tillis, fundi mkuu. "Miguu yake huvimba akiwa angani. Ukimfunga sasa, jioni mumewe atavitoa viatu kwa msumeno."

"Nakusikia, Tillis," alisema Bi Verlene bila kufumbua macho. "Na msumeno wenyewe ni ule ulioazima kwa mume wangu Royce mwaka juzi."

Ana miaka hamsini na minane. Alizaliwa Bartow, mwendo mfupi kwa gari kutoka hapa, na kazi yake ni kudondosha vyombo vya kupima hewa ndani ya vimbunga. Ndege yetu ya utafiti huingia kimbunga upande mmoja, hupita katikati, hutokea upande wa pili, hugeuka na kuingia tena, karibu siku nzima. Kila inapopita, Bi Verlene huweka kopo la karatasi ngumu ndani ya bomba lililo sakafuni na kuliachia. Kopo hushuka kwa mwavuli mdogo, likituma habari za joto, unyevu na upepo mpaka linapogonga maji. Habari hizo huwafikia watabiri papo hapo.

Lakini kopo huanguka haraka. Tabaka la chini kabisa la hewa, pale ambapo kimbunga hunywa joto la bahari, hulipita kwa kufumba na kufumbua, na ndege yenye watu haiwezi kushuka huko. Ndiyo maana watabiri wetu husema vizuri kimbunga kitakwenda wapi, ila hubabaika wakiulizwa kitafika na nguvu gani. Kwa ajili ya tabaka hilo ilitengenezwa droni nyembamba, inayotoka katika bomba lile lile ikiwa imekunja mabawa, kisha kuyakunjua hewani na kuzunguka juu ya mawimbi kwa muda mrefu. Sisi tunaiita kinda.

Kinda la kwanza halikukunjua mabawa. La pili lilikunjua bawa moja. Jingine liliruka vizuri kabisa, kisha likanyamaza kabla ya kufika chini. Yote aliyaachia Bi Verlene kwa mikono yake. Msimu huu lilibaki moja tu, na Dokta Winfree, mtafiti anayelisimamia jaribio hili, alikwisha kutuambia kwamba msimu ukifungwa kabla kinda hilo halijaleta kitu, jaribio nalo limekwisha.

"Sitaki sherehe ya kustaafu, wala keki," Bi Verlene aliniambia siku moja tulipokuwa tukila karanga za kuchemsha nje ya banda. "Nataka kinda liongee. Likiongea mara moja tu, nitakwenda zangu nikalale."

Mwezi wa Septemba kikaja kimbunga Leontine. Tulikuwa tumeruka siku tatu mfululizo, na siku hiyo ya tatu ndege ilitikiswa mpaka mwenye zamu ya kahawa akaacha kuimimina. Kazi tuliyotumwa na watabiri ilikuwa imekamilika. Hapo ndipo Kapteni Ocasio, rubani wetu, aliposema nasi kupitia vipokea sauti.

"Haya, jamani. Mafuta yanaturuhusu kupita katikati mara moja zaidi. Dokta anaomba tutoe kinda. Mnasemaje?"

"Mgongo wangu umeshuka ndege tangu saa sita," alisema Dell, mwongoza njia. "Lakini kiwiliwili kilichobaki kinasema twende."

"Dokta?"

"Nawaomba," alisema Dokta Winfree.

Lazima nieleze desturi ya ndege yetu. Kabla ya jambo lolote la ziada, rubani huuliza kama yupo anayekataa, na hapana moja inatosha. Haijalishi imetoka kwa nani. Aliyeitoa haulizwi sababu, si pale angani wala baadaye.

"Hapana," alisema Bi Verlene.

Nilidhani nimekosea kusikia. Nilimgeukia. Alikuwa amepiga magoti kando ya bomba, kinda likiwa mapajani, na uso wake haukuonyesha hasira wala hofu, ila ulikuwa umelegea kama nguo iliyokamuliwa.

"Sawa," alisema Kapteni. "Tunarudi nyumbani."

Ndege ikainama, ikageuka. Dokta Winfree alivua vipokea sauti, akavishika mkononi, akatazama dirishani ambako hapakuwa na kitu ila ukungu. Baadaye alimimina kahawa, akampelekea Bi Verlene, akarudi kitini.

Kimbunga Leontine kilifika nchi kavu baada ya siku mbili kikiwa kikali kuliko kilivyotabiriwa. Habari hiyo tuliisikia bandani, redioni. Bi Verlene alikuwa akipanga makopo rafuni. Alisimama kidogo, kisha akaendelea kupanga.

Jioni ile nilimfuata kwenye maegesho na kufanya jambo lisilofanywa kwetu.

"Bi Verlene, kwa nini ulikataa?"

"Wewe hukufundishwa?"

"Nilifundishwa."

"Inaonekana." Alifungua mlango wa gari, akakaa huku miguu ikiwa nje, akaanza kulegeza kamba za viatu.

"Kabla Kapteni hajauliza, nililiweka kinda bombani kichwa juu," alisema, "wakati lapaswa kukaa kichwa chini. Nikaliona kosa, nikalitoa, nikaligeuza, nikarudia ukaguzi wote. Nilipomaliza nikatazama, bado kichwa kiko juu. Nilikuwa nimeligeuza mara mbili, na ile ya pili siikumbuki. Mikono ilikuwa imeshalala, mie nimebaki macho."

"Ungemwita mtu akusaidie."

"Nani? Dell asiye na mgongo?" Alicheka kidogo, kicheko kisichofika mbali. "Wote tulikuwa mizoga, mwanangu."

"Lakini kama lingeruka, labda watabiri wangejua kwamba Leontine..."

"Usijidanganye hivyo, na usinidanganye mimi. Habari za kinda siku ile zisingemhamisha mtu hata mmoja. Zinakwenda kwa wale wanaotengeneza hesabu za utabiri. Watakaa nazo mwaka, miwili, wabishane. Halafu siku moja watu wa pwani fulani wataambiwa mapema kinachokuja, waondoke." Alivuta pumzi. "Mie nafanyia kazi kimbunga ambacho hakijazaliwa. Ndiyo maana nachoka sana, maana sikioni."

Wiki zikapita, bahari ikiwa kimya. Dokta Winfree alianza kuongea habari za kufunga masanduku. Kisha, Oktoba ikielekea ukingoni, kusini mwa Kuba kikazaliwa kimbunga Phineas. Bado ni dhaifu, lakini maji ya huko ni ya moto, na huenda kikageukia huku kwetu.

Tutaruka kesho saa mbili asubuhi.

Leo Bi Verlene amefika mapema, akalikagua kinda, kisha akamwita Tillis alikague naye.

"Kichwa kiko wapi? Sema kwa sauti."

"Chini, Bi Verlene."

"Na chako?"

"Chako kinanitosha mimi pia."

Baada ya hapo amefanya jambo ambalo sijawahi kumwona akilifanya: ameaga kabla ya chakula cha mchana. Amesahau miwani yake juu ya sanduku, nami alasiri nimempelekea Bartow.

Nimemkuta Royce, mumewe, ameketi kwenye ngazi za baraza, nyundo mapajani. Mbao za kuzibia madirisha zimeegemezwa ukutani, na madirisha yote bado hayajazibwa. Jirani alikuwa akiondoka na sanduku lake la misumari, akitikisa kichwa.

"Amelala?" nimenong'ona.

"Tangu saa saba. Nimetoa hata betri ya kengele ya mlango."

"Na hizo mbao?"

"Nikigonga msumari mmoja ataamka, na akiamka harudi tena kitandani. Namjua huyo."

"Phineas akija je?"

"Asubiri. Mimi si nasubiri?"

Viatu vya Bi Verlene vilikuwa mlangoni, kamba zikiwa zimelegezwa tayari kwa kesho. Nimeweka miwani juu yake na kuondoka kwa kunyata.

Dokta Winfree amenipigia simu mara mbili kuniuliza kama skrini yangu, ile itakayopokea habari za kinda, inafanya kazi. Nimemwambia inafanya kazi. Sasa kilichobaki ni kinda liongee.