Vidole Viwili Mbele ya Mstari

Mke wangu hunusa chai ya watu. Hata kwa dada yake wa tumbo moja, atapokea kikombe, atashukuru vizuri, kisha atakipitisha puani kabla ya mdomo. Ukimuuliza sababu atakwambia kikulacho ki nguoni mwako, na hapo mjadala umekwisha. Ile ninayompikia mimi alikuwa akiinywa ingali inaunguza.

Ana miaka ishirini na mbili akitunza stoo ya uwanja wa riadha. Jina lake wengi hawalijui. Wanamwita Bi Futi, kwa sababu ya futi ya chuma ya mita thelathini anayoivaa begani kama mkoba. Mimi ni fundi wa kuchomelea hapo hapo uwanjani. Viunzi vya kuruka vikilegea miguu, huletwa kwangu. Kazi yangu ya pili ni kushika pete. Pete ndiyo mwanzo wa futi: mimi naiweka kwenye mstari, yeye anavuta utepe hadi mwisho na kusoma. Hakumruhusu mtu mwingine kuigusa, nami kwa ujinga wangu niliona nimepewa adhabu.

Miezi minne kabla ya mashindano ya mataifa, kiunzi kiliniponyoka, kikaiangukia futi na kuichana pale mwanzoni. Nilikusudia kumwambia. Lakini wiki hiyo hiyo alikuwa amemshuku mlinzi wa geti kwa kosa la kumsalimia mara mbili kwa siku moja. Je, mimi niliyeharibu futi? Ningeambiwa nimetumwa. Basi nikakikata kipande kilichochanika, sentimita mbili tu, nikairudisha pete kwa ribiti safi, kijimsumari cha kubania vyuma, mpaka nikajipongeza. Tangu hapo, kila tulipopima, niliisogeza pete vidole viwili mbele ya mstari, na vipimo vikatoka sawa. Nilijiahidi kwamba nitanunua futi mpya na siku hiyo hiyo nitasema. Siku ikazaa wiki, wiki ikazaa mwezi.

Nyumbani vidole vyangu havikuwapo. Alinunua kitambaa cha pazia mita tatu, akakipima mwenyewe mezani kwa futi ile, kikatoka mita tatu na sentimita mbili.

"Kwa nini ameniongezea?" akaniuliza.

"Labda ni mkarimu tu."

"Muuza vitambaa?" Akakikunja taratibu. "Huyo ana lake jambo."

Hakukanyaga tena duka lile. Mimi nikaenda kutafuta misumari ya pazia.

Ikafika siku ya fainali ya wanawake, mita mia kuruka viunzi. Asubuhi kwenye mchujo mkimbiaji mmoja alikigonga kiunzi cha njia ya tano, kikapinda mguu, nikaitwa karakana kukinyoosha. Niliporudi saa tisa nimekibeba begani, nilimkuta mke wangu amesimama katikati ya njia, mikono kiunoni. Kwa kuwa sikuwapo, pete ilikuwa mkononi mwa dada mmoja wa kujitolea.

"Vimesogezwa," alikuwa akimwambia mwamuzi mkuu. "Kati ya kiunzi na kiunzi sheria ni mita nane na nusu. Mapengo yote yamezidi sentimita mbili. Lingekuwa moja ningesema bahati mbaya. Yote tisa ni kazi ya mtu."

Mpima wa mashindano, bwana mwenye miwani aliyepaka alama za kuwekea viunzi, alikuwa anatoka jasho. "Mama, nilipima mara tatu."

"Ukiwa na nani?"

"Peke yangu."

"Ehee," akasema mke wangu, na ehee hiyo ilikuwa hukumu tosha.

Alikuwa na maelezo yake tayari. Binti wa nchi yetu kwenye fainali ni mfupi wa miguu. Hatua zake tatu baina ya viunzi zinatosha kwa ncha ya kiatu. Mwongezee sentimita mbili mara tisa, medali umeshamkabidhi mpinzani wake, yule mgeni mrefu. Watu wakaanza kumtazama mpima kwa jicho la pembeni. Hata mimi nilimtazama hivyo, Mungu anisamehe, maana ilikuwa rahisi kuliko kuitazama futi.

Niliomba kimoyomoyo mwamuzi aagize futi nyingine. Mwamuzi ni mama mzito wa maneno, amefanya kazi nasi miaka mingi. Alitazama saa, akamtazama mke wangu.

"Bi Futi hajawahi kukosea hapa," alisema. "Sogezeni vyote. Na wewe bwana, niachie kitambulisho chako. Tutaongea baadaye."

Mpima akakivua shingoni. Nyuma ya mstari wa kuanzia, wasichana wanane walikuwa wananyoosha miguu. Hawa hawapati nafasi ya kukichungulia kiunzi wakiwa mbioni. Wanahesabu hatua tatu na kuruka, na miguu yao imezoea mita nane na nusu kama mtu alivyozoea ngazi za kwake. Wapunguzie, mmoja atakwenda chini kwa uso. Wenzangu wanne walikuwa wameshainamia kiunzi cha kwanza.

"Msisogeze," nikasema. Sauti ilitoka ndogo, nikarudia. "Mama watoto, kosa ni la futi. Niliikata mimi."

Hakunielewa. Nikaichukua pete kwa yule dada nikamwonyesha ribiti. Alipitisha kidole gumba mwanzoni mwa futi, pale ambapo namba ya kwanza ni tatu.

"Lini?"

"Miezi minne sasa."

"Na kila siku tunapima pamoja?"

"Nilikuwa naisogeza. Vidole viwili."

"Mbona hukuniambia?"

"Niliogopa utasema nimetumwa."

Alinitazama kwa mshangao ambao sikuutegemea. "Wewe?" akasema. "Wewe ningekushuku kwa lipi?"

Miaka thelathini na moja ya ndoa niliishi nikijihesabu miongoni mwa washukiwa wake, kumbe nilikuwa peke yangu nje ya orodha.

Akakichukua kile kitambulisho kwa mwamuzi, akamvisha mpima kwa mkono wake. "Baba, nimekukosea," alimwambia. Neno hilo sikuwa nimewahi kulisikia kinywani mwake. Kisha akamkabidhi mwamuzi futi, wakaleta nyingine, wakapima pengo moja, mawili, yote. Mita nane na nusu kamili.

Mbio zilikimbiwa saa kumi. Hakuanguka mtu, na binti yetu alishika nafasi ya tatu. Nimeambiwa zilikuwa mbio nzuri. Mimi nilikuwa namtazama mke wangu, amekaa juu ya kreti mlangoni mwa stoo, bega lake halina kitu.

Tulirudi nyumbani kwa miguu. Njiani aliingia kwa yule muuza vitambaa, akanunua mita moja ya kitambaa asichokuwa na haja nacho. Bwana yule alipokuwa anapima, mke wangu alitazama nje.

Nyumbani nikamtengenezea chai kama siku zote. Akapokea kikombe, akashukuru vizuri, akakipitisha puani.