Nta ya Bibi na Lori la Baba Mkubwa

Mwezi uliopita nilirudi nyumbani Ihanja, na kabla dada yangu hajanipokea nilipokelewa na harufu ya dizeli. Ilitoka kwenye mashine ya kusaga iliyo karibu na barabara. Wengine harufu hiyo huwaumiza kichwa. Mimi hunirudisha uani kwetu, wakati wa Mwingereza, chini ya lori bovu, nikiwa na majivu mpaka kwenye kope na sielewi nusu ya ninayoyatenda. Sina hakika kama hata sasa ninaelewa. Ngoja nikusimulie, huenda wewe ukaona ninachoshindwa kuona.

Lori lilikuwa la baba mkubwa, kaka yake marehemu baba, ambaye ndiye aliyetulea mimi na dada. Alilinunua kwa mfanyabiashara mmoja wa Singida mjini likiwa limeshachoka, likaja kuzeekea kwetu, kati ya tembe, nyumba yetu ya udongo, na zizi la ng'ombe. Lilibeba mtama na karanga kwenda mjini, na mara mojamoja asali na nta kutoka Itigi. Na lilivuja. Lilivuja kila mahali chuma kilipokutana na chuma. Kuku wetu walikuwa na miguu myeusi, na bibi aliapa kwamba hata mlenda ulinuka dizeli, jambo ambalo lilikuwa kweli.

Kilichonichanganya ni hiki: tone dogo vile linawezaje kusimamisha lori zima? Tangi limejaa, na lori linakataa kuwaka. Baba mkubwa alieleza mpaka akachoka. Lori likiwa limesimama, dizeli inatoka nje kupitia tundu. Likiwa linatembea, pampu inavuta, na kwa tundu lilelile upepo unaingia ndani, injini inakufa. Nilikuwa naitikia "ndiyo, baba" huku nikiwaza upepo wetu wa Singida, ule unaomwaga mchanga kwenye uji, nikijiuliza unajibana vipi kuingia kwenye mrija mwembamba kuliko kidole changu.

Dada hakuhitaji kuelezwa mara mbili. Alinizidi miaka miwili tu, lakini mikono yake ilikuwa ya mtu mzima. Kila Jumamosi tulifuta mirija kwa kitambaa mpaka ikakauka, tukaipulizia majivu meupe ya jikoni, kisha tukakaa chini kusubiri. Majivu yakilowa na kuwa meusi, hapo ndipo panapovuja. Mara zote dada aliuona weusi huo wakati mimi bado nakodoa macho. Baba mkubwa alikaza nati, na penye ufa alibandika sabuni ya mche aliyoikanda kwa vidole, akaifunga kwa kitambaa na uzi. Halafu ndipo ilipofika kazi yangu, kusukuma kikono cha pampu, juu, chini, juu, chini, mpaka upepo uishe na dizeli itoke bila povu. Lori likiwaka, kuta zilitetemeka na bibi alitoka nje kulitukana kwa Kinyaturu.

Bibi hakuielewa ile sabuni. Kwake dawa ya kila ufa ilikuwa nta. Alikuwa na bonge lake shubakani, na kwa hilo aliziba vibuyu vya maziwa, vya samli, vya asali. Siku moja baba mkubwa aliazima kibuyu chake kilichozibwa ili akingie dizeli. Kufika jioni nta ilikuwa imelainika kama ugali uliomwagiwa maji, na dizeli yote iko chini. Bibi alinuna siku mbili. Baba mkubwa akatuita sote wawili, akatubonyezesha ile nta kwa vidole. "Mmeona? Dizeli inakula nta. Sabuni haiwezi. Msisahau." Sikusahau, na hilo ndilo linaloniuma.

Kisha ikaja barua. Dada alikuwa amepata nafasi katika shule ya bweni ya wasichana upande wa Iramba, safari ya kutwa nzima kwa lori letu. Barua ilisema atakayechelewa kengele ya jioni siku ya kuripoti, nafasi yake atapewa mwingine. Pale kijijini hakukuwa na msichana aliyewahi kuitwa mbali namna ile. Miongoni mwa vitu alivyotakiwa kwenda navyo ulikuwa mche wa sabuni, na sabuni iliyokuwepo nyumbani ni hiyo moja. Ikaingia sandukuni, sanduku likafungwa kufuli, ufunguo ukaning'inia shingoni kwa dada.

Sasa nisikilize vizuri. Asubuhi ya safari, wakubwa wakinywa uji, niliinama chini ya lori nikaona tone. Likaanguka, jingine likajikusanya. Nilimpenda dada, tulilala juu ya ngozi moja ya ng'ombe tangu nizaliwe. Nilitaka aende, arudi akizungumza Kiingereza nijivunie. Nilitaka asiende hata hatua moja. Na nikikuficha hili nitakuwa mwongo, nilimwonea wivu. Ningeweza kupiga kelele, sanduku likafunguliwa, sabuni ikamegwa. Badala yake nilikwenda shubakani, nikamega nta, nikaipasha joto kiganjani, nikaisukumiza kwenye ule ufa na kuilainisha kwa dole gumba kama alivyofanya bibi. Tone likakatika. Nakumbuka nilifurahi. Mpaka leo sijui nilifurahia nini.

Nilipanda bodini kumsindikiza. Tulipita Singida mjini salama. Mbele kidogo, kwenye mlima, lori likakohoa, likazima. Baba mkubwa akatoa upepo, likawaka, likazima tena. Mara ya tatu akafungua chujio, akatoa kitu laini cha manjano. Akakisugua kwa vidole, akakinusa. Hata mimi nilisikia harufu ya asali.

"Nani ameweka nta?"



"Mimi, baba," dada akasema. "Nilisahau."

Baba mkubwa alimtazama kwa muda mrefu, mtoto ambaye hakuwahi kusahau kitu. Dada akavua ufunguo shingoni, sabuni ikatolewa, tukaanza kusafisha mirija mmoja baada ya mwingine juani. Tulifika shuleni kengele imeshalia. Msichana mwingine alikuwa amekwisha kuandikwa, baba yake alisubiri mlangoni tangu asubuhi. Tukageuza lori.

Mwaka uliofuata niliitwa mimi. Dada ndiye aliyekagua mirija siku hiyo, kwa majivu na sabuni, na ndiye aliyesukuma kikono cha pampu huku mimi nimekaa na sanduku langu kama bibi harusi. Hatukusimama njiani hata mara moja. Niliporudi likizo ya kwanza alikuwa ameshaolewa, hapohapo kijijini. Mimi nikawa mwalimu, nikahamishwa huku na huko, nikazeekea mjini.

Siku hizi lori halipo, lilikatwakatwa likauzwa chuma chakavu. Tembe imebomolewa, pamesimama nyumba ya bati. Maziwa yanawekwa kwenye madumu ya plastiki, na anayejua kuziba kibuyu pale kwetu amebaki dada peke yake. Nilimkuta kibarazani akikanda nta kwa dole gumba, kibuyu kikiwa mapajani, vilevile kama bibi. Tukasalimiana, tukanywa chai, nikashindwa kuvumilia.

"Dada, ile nta ya lori niliiweka mimi."

"Najua. Nilikuwa zizini, nilikuona."

"Uliniona? Na ufunguo ulikuwa nao shingoni?"

"Nilikuwa nao."

"Mbona hukuibandua?"

Aliendelea kukanda. Mashine ya kusaga ilikuwa inanguruma kule barabarani.

"Nimejiuliza hilo tangu siku ile, mdogo wangu," akasema. "Pengine nilitaka kwenda, pengine sikutaka. Nilidhani ukirudi kutoka shule utanieleza. Wewe ndiye uliyesoma."

Nilimpokea kibuyu, nikamshikia aendelee kuziba.