Chupa Mbili za Mofini

Mwantumu ni mkulima wa mahindi na maharage kule Mpale. Shule aliishia darasa la saba, lakini tangu mumewe, Mhina, agundulike na saratani ya koo, yeye ndiye aliyekuwa nesi wa nyumbani. Mara nne kwa siku alimpa mililita tano za mofini, dawa ya maji ya kutuliza maumivu. Hakuwahi kuzidisha hata tone.

Mwezi wa sita hospitalini wakampa chupa mpya, imeandikwa mililita tano vilevile. Siku ya pili Mhina akalala moja kwa moja. Akiitwa anafumbua macho kidogo, anazama tena. Pumzi zikawa chache, za kuachana. Amne, wifi yake Mwantumu, akaanza kuwapigia simu ndugu wa Handeni.

"Anaondoka huyu. Mwache apumzike."

"Wifi, juzi tu alikuwa ananitania! Hapana."

Alisimamisha dawa, akamwachia Amne mgonjwa, akafunga chupa mbili, ya zamani na mpya, kwenye kanga. Bodaboda hadi Mombo, kisha basi hadi hospitalini.

Kwenye dirisha la dawa, kijana hakuzitazama. "Mama, saratani ndivyo ilivyo."

"Sijauliza saratani. Nauliza mbona mililita ni tano zilezile, lakini namba nyingine za chupa hizi hazifanani."

Akaambiwa asubiri. Alikaa kwenye benchi saa tatu nzima, mpaka nesi Pendo alipopita akazisoma. Uso ukambadilika. Dawa mpya ilikuwa na makali mara mbili. Alipaswa kupewa nusu.

"Hukukosea wewe, mama. Tumekosea sisi."

Pendo akaipigia simu zahanati ya kijiji wakamwangalie Mhina haraka. Kesho yake aliamka, analia kwa maumivu, ndugu wa Handeni wamejaa uani na mikeka yao ya msiba. Mwantumu akaanza kumpa nusu kipimo. Aliishi wiki sita zaidi, akili zake timamu.

Baada ya kuzika, Mwantumu alirudisha dawa iliyobaki kwenye dirisha lilelile, kwa kijana yuleyule. Akauliza kosa lile liliandikwa wapi.

"Yameshapita, mama. Si aliamka?"

Nyuma ya kijana, chupa za makali tofauti zilikuwa kwenye rafu moja, zimechanganyika.

"Zitenganisheni basi!"

"Nitamwambia mkubwa."

Amerudi mara mbili tangu siku hiyo. Mkubwa yuko kikaoni.