Hatua Kumi na Tano, Halafu Nane

Kila jioni pale Nawoitorong, mjini Lodwar, kabla darasa letu la gumbaru, lile la watu wazima, halijaanza, mmoja wetu anachukua kikombe cha maji na kunyunyiza sakafuni, ili tukifagia vumbi isituingie puani. Jua bado liko. Mchanga umeungua tangu asubuhi, kwa hivyo maji yakigusa tu, harufu inapanda, na mimi nasimama na ufagio mkononi kama mtu ameitwa jina. Mwalimu wetu, Ekal, kijana wa umri wa mtoto wangu wa kwanza, ameshanizoea. Anaambia wengine, "Mama Ekiru ameenda tena Lopur. Mngojeni arudi."

Na kweli nakuwa nimeenda. Nakuwa niko laga ya kwetu, ule mto wa mchanga, na mchanga umeingia mpaka kwenye kucha. Wacha niwaambie kilichonipata huko, kwa sababu nilikielewa vibaya kwa zaidi ya miaka thelathini, na nimekisimulia vibaya mbele ya watu wa Mungu.

Nilikuwa na miaka minane hivi. Baba alikuwa mbali na ng'ombe, upande wa milimani. Mama alikuwa mzito, tumbo limeshuka, na miguu imevimba. Ukibonyeza na kidole shimo linabaki hapo likikuangalia. Ikaamuliwa aende akalale hospitalini Kakuma angoje mtoto. Nyumbani tungebaki mimi, mdogo wangu Akai wa miaka mitatu, mbuzi wadogo watano, na bibi yetu, Ata, ambaye macho yalikuwa yamebaki ya kujua tu kama ni mchana. Mama mdogo angekuja baada ya siku tatu. Mama akajaza mitungi ya siku tatu.

Lakini mama yangu hakuwa mtu wa kuamini siku tatu.

Asubuhi ya kuondoka akanichukua mpaka laga, mahali alikuwa amechimba kisima chetu. Hakikuwa kirefu, maji yalikuwa usawa wa kifua changu. Akapanga vijiti juu ya mdomo wa kisima, akatandika ngozi kuukuu ya mbuzi, akamwaga mchanga, akafagia na tawi mpaka ungedhani hapo hapajawahi kukaa kitu. "Ikibaki wazi, ngamia wa watu watapita wanywe na waibomoe," akasema. Halafu akaenda kusimama kwenye ukingo, mgongo ukigusa ewoi, ule mti wa miiba ambao kila mtu alikuwa anaujua.

"Unaanzia hapa. Si karibu na hapa. Hapa. Kwanza unafuata ukingo, upande maji hutoka mto ukijaa. Halafu unageuka, unaangalia ng'ambo, unaingia mchangani."

Akaanza kutembea akihesabu. Nilivyomwona hivyo nilicheka mpaka nikakaa chini. Mama yangu alikuwa mwanamke mrefu, akitembea unakimbia ndio umfikie, na sasa alikuwa anadokoa hatua kidogo kidogo, tumbo mbele, kama mbuni ameingiwa na mwiba.

"Mama, miguu ndio inauma hivyo?"

"Cheka, lakini hesabu."

Kumi na tano kufuata ukingo. Nane kuingia mchangani. Akanirudisha mpaka kwa mti na kunifanya niseme mara nyingi, mpaka Akai naye akawa anaimba, kumi na tano, nane, bila kujua ni ya nini. Halafu lori ya makaa ikampeleka.

Siku ya tatu ikapita, mama mdogo hajafika. Siku ya nne asubuhi nikainamisha mtungi wa mwisho, ikatoka kikombe kimoja. Ata akasema hana kiu. Hata mtoto wa miaka minane anajua mtu mzima akisema hana kiu kwetu, mwezi ule, ni uongo. Nikampa Akai nusu ya kile kikombe, nikamwachia Ata nusu, nikachukua kibuyu na karai, nikashika Akai mkono tukaenda laga.

Upepo ulikuwa umevuma siku zote hizo. Mchanga ulikuwa laini kama umepigwa pasi, hata nyayo zetu hazikuwepo. Nikasimama, mgongo kwa mti. Na hapo ndipo akili yangu ikajifanya kubwa. Nikajiambia, mama ni mtu mrefu, hatua zake ni ndefu, kwa hivyo hizi ni hatua za mtu mkubwa. Nikanyoosha miguu mpaka mapaja yakalia. Kumi na tano. Nikageuka. Nane, za kuruka. Nikachimba.

Nilichimba mpaka bega likaingia. Juu mchanga ulikuwa moto, chini ukawa baridi, lakini mkavu, unaanguka kutoka kwa vidole kama unga. Hakuna ngozi, hakuna kijiti. Nikarudi kwa mti nikageuza hesabu, nane kwanza, kumi na tano baadaye, za kuruka vilevile. Shimo la pili likawa kavu kuliko la kwanza. Jua lilikuwa limefika utosini. Akai alikuwa analia, halafu akaacha kulia, na hiyo ya kuacha ndiyo iliniogopesha.

Katekista alikuwa ametufundisha Baba Yetu, lakini mimi nilikuwa nimefika kwenye mkate tu. Nikaomba mpaka hapo. Mkate haukuwa shida yetu siku hiyo, nikabadilisha, utupe leo maji yetu, nikasema hiyo tu, tena na tena. Nikambeba Akai mgongoni kwa sababu alikataa kukanyaga chini, nikarudi kwa mti nijaribu mara ya mwisho. Nilikuwa nimechoka, mtoto ananivuta shingo, miguu inazama. Sikuweza kuruka. Nikaenda tu vile ningeweza. Kumi na tano. Nane.

Ya nane ikalia chini ya mguu, tup, kama ngoma iliyofunikwa. Nikapiga magoti. Mchanga kidogo tu, na mkono wangu ukagusa ngozi ya mbuzi.

Ile harufu ilipotoka, wasomaji wangu, siwezi kuiandika. Ndiyo hiyo inayonisimamisha na ufagio.

Tulirudi nyumbani na maji. Nikamwambia Ata kwamba Mungu alihamisha kisima. Kwa sababu si nilihesabu sawasawa mara ya kwanza, hakikuwepo, na nikahesabu vilevile baada ya kuomba, kikawepo? Ata, ambaye hakuwa mtu wa kanisa na Mungu alimwita Akuj, akanywa taratibu, akapangusa mdomo. "Ejok, ni vizuri," akasema. "Akuj ana kazi nyingi, lakini sawa."

Kesho yake mama mdogo akafika na habari kwamba mama amejifungua mvulana na wote wako hai. Mama alikuja baada ya wiki mbili. Nikamweleza muujiza wangu wote. Aliangalia miguu yangu muda mrefu, halafu akasema, "Mungu ashukuriwe," akaendelea kunyonyesha.

Basi nikakua na huo ushuhuda. Niliolewa nao, nikahamia Lodwar nao. Kikundi cha akina mama kanisani wameusikia mara nyingi kiasi kwamba nikisimama tu, kuna mmoja nyuma ananong'ona, "Leo kisima kinahama tena." Lakini wakasema amina, kila mara.

Halafu mwaka huu Ekal akatuletea grafu. Maumbo tulikuwa tumemaliza bila jasho. Duara tunajenga na kulala ndani yake, pembetatu ni mafiga matatu, mraba ni godoro la wageni, kama mwenzetu Mama Losike alivyosema, mpaka Ekal akasema hilo ni mstatili na wakabishana mpaka kengele. Lakini grafu ilitushinda kwenye daftari. Ekal akatutoa nje, akachora kwa kijiti mstari mmoja umelala na mmoja umesimama. Mahali inapokutana akaweka jiwe. "Hapa ni sifuri. Kila kitu kinaanzia hapa. Kwanza unaenda na ule umelala, halafu unapanda." Akatuita mimi na Mama Losike. "Nendeni pointi ya tano, tatu. Hesabuni na miguu."

Mama Losike ni mrefu kama mlingoti wa simu. Mimi sikuchukua urefu wa mama yangu. Tukaenda, tukahesabu kwa sauti, tukasimama. Kati yetu kulikuwa na nafasi ya kulaza ng'ombe.

"Umekosea, rudi," akaniambia.

"Wewe ndio umekwenda kama ngamia."

"Mimi nimehesabu tano. Au tano yako ni ya watoto?"

Darasa likacheka. Ekal akasema, "Hakuna amekosea. Lakini kabla ya kuhesabu, lazima tukubaliane hatua ni ya nani."

Nilikaa chini palepale kwenye pointi yangu. Mama Losike akadhani nimekasirika, akaja kuniomba msamaha. Nilikuwa naona mwanamke mrefu, tumbo mbele, anadokoa hatua kwenye ukingo, na mtoto mjinga anamcheka.

Jumamosi nikaenda Lopur. Mama bado yuko, mfupi sasa, fimbo mkononi. Nilimkuta ameketi kwenye kivuli cha nyumba. Nikamsalimia, nikampa sukari na majani chai, halafu nikamuuliza kuhusu siku ile ya kisima, kwa nini alihesabu na hatua ndogo vile.

Aliniangalia kama nimeuliza jua hutoka wapi.

"Kwani ni nani angeenda kuchota?"

"Ni mimi."

"Sasa ningehesabu na mguu ya nani?"

"Na mbona hukuniambia, nilipokuja na habari ya kisima kuhama?"

"Ulikuwa umeomba," akasema. "Na mlikunywa. Nikuambie nini?"

Siku ile ya kisima alikuwa anaenda hospitalini na miguu imevimba hivyo, na wanawake wawili wa boma letu walikuwa wameenda na miguu kama hiyo na hawakurudi. Alijua. Alipokuwa anadokoa hatua pale ukingoni alikuwa anapima njia ya mimi kupita bila yeye. Mimi nilikuwa nimekaa chini nashika mbavu kwa kicheko.

Sijaacha kutoa ushuhuda. Jumapili iliyopita nilisimama, yule wa nyuma akanong'ona, nikasema kisima hakikuhama. Nikasema niliomba maji saa sita ya mchana, na Mungu alikuwa ameshajibu siku nne kabla, asubuhi, kwa miguu ya mama yangu. Wakasema amina kama kawaida. Nafikiri walitaka tu nikae.

Jumamosi ile Lopur, jioni, mama alitaka kwenda bombani kunawa. Nikamshika mkono. Hatua zake siku hizi ni kidogo kidogo, kama zile za laga, lakini sasa ni zake kweli. Mwanzoni nilikuwa namvuta. Halafu nikafupisha zangu, tukaenda hivyo, naye akaniuliza, "Na wewe miguu ndio inauma?"

Nikamwambia hapana, nahesabu.